Konokono uchi bustanini, kuku uani: tafuta chanzo kabla ya kununua dawa

Masika ikishika huku kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, swali linalonifikia ni lilelile: "Nimepanda chainizi, asubuhi nimekuta vijiti vitupu. Nina kuku uani. Niweke dawa gani?" Jibu langu la kwanza huwaudhi watu: usiweke kitu kwanza.

Ninaowazungumzia ni konokono wasio na nyumba mgongoni, wale wa kijivu au kahawia wanaoteleza kama ulimi. Wengine huwaita koa, wengine konokono uchi. Kuwaua si kazi. Kazi ni kuwaua bila kumuua kuku, maana punje za sumu yao mara nyingi hutengenezwa kwa pumba ili ziwavutie, na kuku pumba anaijua tangu utotoni. Kwa hiyo tuanze na kile unachokiona, halafu tutafute kinakotoka.

Miche imeliwa usiku, lakini hujui na nani

Chukua tochi, toka saa mbili au saa tatu usiku, hasa kama mvua imenyesha mchana. Kipimo ni hicho. Kama ni konokono utawakuta mezani, wamejipanga. Ukichelewa hadi asubuhi, tafuta utelezi: mstari unaong'aa kama ute wa yai uliokauka, juu ya jani au juu ya udongo. Matundu ya konokono hayana mpangilio, yako katikati ya jani na pembeni pia, na kingo zake ni laini. Mche mchanga humalizwa wote, likabaki shina.

Hakuna utelezi? Wapo washukiwa wengine wawili. Wa kwanza ni sota, kiwavi wa ardhini. Huyu hukata mche usawa wa udongo na kuulaza, majani yenyewe hayajaliwa sana. Fukua kwa kidole sentimita mbili tatu kuzunguka shina, utamkuta amejikunja kama herufi C. Mwite kuku, atakushukuru.

Mshukiwa wa pili ni kuku mwenyewe. Mdomo wa kuku huchana jani. Hubakiza mshipa wa kati na pindo zilizoraruka, na chini utaona mashimo ya kuchakura. Nimewahi kumwona mtu akitafuta sumu ya konokono wiki nzima, kumbe mwizi ni jogoo wake mwenyewe aliyekuwa akiruka ua alfajiri kabla wenye nyumba hawajaamka. Dawa ya jogoo ni wavu mrefu zaidi, au mkasi wa kupunguza manyoya ya bawa moja.

Kuku wanazunguka bustanini kutwa, na konokono hawapungui

Hapa ndipo wengi hukwama, na ndipo wanapokimbilia dukani. Wanasema: nimefuga kuku ili wale wadudu, mbona hawali?

Tazama ratiba zao. Kuku anaingia bandani magharibi, na konokono ndiyo kwanza anaamka. Mchana kutwa konokono yuko chini ya jiwe, chini ya matandazo, ndani ya maganda ya mgomba. Kuku anapita juu yake bila habari. Wanaishi shamba moja kwa zamu, kama walinzi wawili wasiojuana.

Tena hata wakikutana, kuku wengi hawamtaki konokono mkubwa. Ute wake hunata. Utamwona kuku amemdonoa, amemtupa, anasugua mdomo kwenye nyasi kwa hasira. Wale wadogo huwameza. Na mayai yao huyala bila kuulizwa: vishada vya vidonge vidogo, vyeupe au vinavyopenya mwanga, vimefichwa kwenye udongo wenye unyevu, chini ya magogo na kwenye mizizi ya nyasi.

Kwa hiyo zamu ya kuku ni kabla ya kupanda. Mimi nikimaliza kuvuna natoa mabaki yote, nageuza udongo juujuu kwa uma, kisha nawafungulia kuku kwenye tuta hilo kwa wiki mbili au tatu. Kila baada ya siku mbili tatu napita tena na uma. Kuku wanachakura, mayai yanatoka juu, yasiyoliwa yanakaushwa na jua. Wiki tatu zina sababu: mayai yaliyokuwa yamejificha yanapata muda wa kuanguliwa, na vitoto vinakutana na midomo. Baada ya hapo nawatoa, nazungushia wavu, napanda. Hawarudi ndani hadi mavuno yajayo.

Kwenye tuta walikotoka kuku panda kwanza mboga za kupikwa: chainizi, kabichi, mnafu. Saladi na karoti za kutafuna zingoje zamu. Kinyesi kibichi cha kuku hubeba bakteria wa salmonela, na kanuni za kilimo hai za Marekani, kwa mfano, zinataka siku 120 zipite kati ya samadi mbichi na mavuno ya zao linalogusa udongo. Saladi haichukui hata nusu ya siku hizo.

Kuna muda mmoja tu ambao ratiba hizo mbili hupishana: saa kumi na mbili asubuhi, umande ukiwa bado juu ya majani na konokono wakijikokota kurudi mafichoni. Fungua banda saa hiyo kabla hujawapa kuku chakula chochote, uwaache wapite kwenye njia na kingo za bustani, nje ya wavu. Kuku aliyeshiba mashudu hahangaiki na konokono.

Kama bado wako wengi, angalia maji. Anayemwagilia jioni anawatandikia konokono zulia. Hamishia umwagiliaji asubuhi, udongo wa juu uwe umekauka kufikia usiku. Mabadiliko haya peke yake hufanya kazi kubwa kuliko vitu vingi vinavyouzwa. Matandazo nayo yasogeze mbali na miche michanga hadi mashina yakomae, halafu uyarudishe. Sisemi uyaache kabisa, maana kiangazi utayalilia.

Kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, tuna tatizo letu la pekee: mgomba. Ukikata ndizi na kuacha shina limelala, umejenga nyumba ya wageni. Lakini shina hilohilo ni mtego mzuri na halina gharama. Kata kipande cha urefu wa mkono, kipasue katikati, ukilaze jioni upande uliopasuliwa ukitazama chini, kando ya tuta. Asubuhi geuza. Ubao wa zamani, gunia bichi au ganda la papai hufanya kazi hiyo pia. Utakaowakuta watie kwenye ndoo ya maji yenye sabuni, uifunike, na wakishakufa wamwage shimoni. Walioogeshwa sabuni usiwape kuku.

Umeweka majivu, maganda ya mayai, chumvi, na bado wanapita

Majivu huwazuia yakiwa makavu. Mvua moja tu yanakuwa uji na konokono anapita juu yake. Kuku hayawadhuru, watayaoga, ila ukiyarundika kila wiki yanaondoa asidi ya udongo kupita kiasi na mboga zinadumaa. Nayatumia vuli kukiwa na siku kavu, masika siyahangaikii.

Maganda ya mayai yana sifa kuliko uwezo. Jumuiya ya kilimo cha bustani ya Uingereza, RHS, iliyajaribu kwenye saladi pamoja na utepe wa shaba na vizuizi vingine vya aina hiyo, ikatoa matokeo mwaka 2018: saladi zilizozungushiwa vitu hivyo ziliharibiwa sawa na zisizozungushiwa kitu. Kwa mfugaji kuna hasara ya ziada. Kuku akizoea kuona vipande vikubwa vya maganda ardhini anaweza kujifunza kupasua mayai kiotani. Yasage yawe unga, uyachanganye kwenye chakula chao. Kalsiamu yake inafaa huko.

Chumvi inaua konokono, ndiyo, na udongo inauua pamoja naye. Kuku aliyekula chumvi nyingi hupata kiu kali, huharisha maji, hulegea miguu, na vifaranga hufa upesi zaidi. Iache jikoni.

Kahawa nayo huulizwa sana, maana huku tunaishi ndani yake. Ni kweli kwamba watafiti wa Hawaii waliandika mwaka 2002 kwamba mchanganyiko wa kafeini wa asilimia 1 hadi 2 huua konokono. Lakini kahawa ya kunywa haifiki hata karibu na nguvu hiyo, na kafeini ni sumu kwa kuku pia. Machicha ya kahawa usiyarundike pale wanapochakura.

Mtego wa pombe umefanya kazi, lakini kwa kuku

Konokono hufuata harufu ya hamira. Bia iliyobaki au mbege iliyochacha, ukiiweka kwenye kikopo kilichofukiwa, huwavuta na kuwazamisha. Asubuhi kuku naye anafika, anakunywa, anakula waliomo, na mchana unamwona anayumba uani. Watoto wanacheka, ini la kuku halicheki.

Tumia maji ya uvuguvugu, sukari kijiko kimoja na hamira kidogo badala ya pombe. Fukia kopo ukiacha mdomo wake sentimita moja au mbili juu ya udongo, ili mende wa ardhini ambao nao huwala konokono wasitumbukie. Juu yake funika chungu kilichovunjika au kifuu, ukiacha upenyo wa konokono kupita na kuku asipite. Na umwage kabla ya kufungua banda. Ukisahau siku moja, siku hiyo hiyo ndiyo kuku watakayofika.

Kuku anatetemeka, anayumba, ameanguka ubavu

Kama wewe au jirani mmeweka dawa ya konokono siku hizi, chukulia kwamba ni sumu hadi ithibitishwe vinginevyo. Punje za bluu au kijani zinazouzwa zaidi huwa na metaldehidi. Kuku akizila, ndani ya saa chache huanza kuhangaika, kuhema haraka, kutetemeka, kupoteza mizani, kisha degedege. Haina dawa ya kuivunja makali. Mtaalamu hutibu dalili tu. Punje nyingine zina methiokabu, ya jamii ya kabameti, na hapo utaona mate mengi, kuharisha na kulegea. Hii daktari wa mifugo anaweza kuikabili kwa atropini, ndiyo maana pakiti ni muhimu kuliko maelezo yako.

Usichanganye na kideri, ugonjwa wa virusi wa kuku. Kideri pia hupindisha shingo na kupooza, lakini huja na kinyesi cha kijani, huanza kwa mmoja wawili na kusambaa kwa siku kadhaa, na kwa kawaida huwapata ambao hawakuchanjwa. Sumu huwaangusha wale waliofika bustanini asubuhi hiyo. Waliobaki bandani wako wazima.

Fanya hivi mara moja: wafungie kuku wengine wote. Mgonjwa mweke kwenye boksi lenye giza na hewa, mahali pa baridi na pasipo kelele, maana kelele na mwanga huzidisha degedege. Usimnyweshe maziwa, mafuta wala maji akiwa anatetemeka, vitaingia mapafuni. Mpigie mtaalamu wa mifugo ukiwa umeshika pakiti, msomee jina la kiambato na uzito wa kuku. Kama gole, mfuko wa chakula ulio shingoni, bado limejaa anaweza kuamua kulitoa.

Na kisu kiweke chini. Najua mazoea yetu: kuku akianza kulegea, achinjwe kabla hajafa, asipotee bure. Kuku wa sumu asiliwe, hata akichinjwa akiwa hai. Mayai ya kundi hilo yatupwe hadi mtaalamu aseme basi. Mzoga fukia kina kirefu, mbwa asiufukue. Mbwa nao huzipenda punje hizi, na zinawaua.

Uingereza ilipiga marufuku metaldehidi kutumika nje, mashambani na bustanini, kuanzia majira ya kuchipua ya 2022, kwa sababu ya ndege na wanyama kama kalunguyeye. Hapa kwetu, ukiingia duka la pembejeo, usiulize "dawa ya konokono". Geuza pakiti usome kiambato na uangalie kama imesajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Punje za kupimiwa kwenye mfuko wa plastiki bila lebo usizichukue hata kwa bure.

Umeweka punje za fosfeti ya chuma, huoni maiti

Kama lazima utumie punje, hizi ndizo ninazozivumilia mahali penye kuku. Watu hudhani zimeshindwa kwa sababu asubuhi hawakuti konokono waliokufa wamejaa juu ya tuta. Hivi ndivyo zinavyofanya kazi: konokono akila anaacha kula kabisa, anajificha, na kufa huko baada ya siku chache. Angalia majani mapya, usitafute maiti. Zitawanye moja moja kwa kipimo cha lebo, usizirundike, na wavu ubaki umefungwa. Hatari yake ni ndogo kuliko ya metaldehidi, lakini si chakula cha kuku.

Kuku ananyoosha shingo, anapanua mdomo kama anapiga miayo

Hili linawapata wale waliofanikiwa kuwafundisha kuku kula konokono. Konokono, pamoja na nyungunyungu, hubeba viluwiluwi vya minyoo ya koo la hewa. Kuku akimla, minyoo hukua ndani ya koo: myekundu, dume na jike wameshikana kama herufi Y. Kuku hukohoa, hutikisa kichwa, hunyoosha shingo na kupanua mdomo akitafuta pumzi. Vifaranga huathirika zaidi. Mafua ya kawaida huja na uso kuvimba, macho kutoa maji na harufu mbaya puani. Minyoo ya koo haina uso uliovimba. Mshike kuku, mfungue mdomo, mulika kwa tochi. Wakati mwingine utaiona.

Kosa la kawaida hapa ni piperazini. Ni dawa ya minyoo iliyozoeleka, inafanya kazi kwa minyoo mikubwa ya utumbo, lakini hii ya koo haiigusi. Mtu anatibu, kuku anaendelea kupiga miayo, anasema dawa ni feki. Ulizia levamisoli au fenbendazoli, kwa kipimo cha uzito, na uheshimu siku za kutokula mayai zilizoandikwa kwenye lebo.

Kama kuku amekonda, anaharisha, utagaji umeshuka, lakini pumzi ni nzuri, fikiria tegu. Yupo mmoja, Davainea proglottina, anayepitia kwa konokono uchi. Ana milimita nne tu au pungufu, kwa hiyo usitarajie kumwona kwenye kinyesi. Mtaalamu akipima atakuandikia prazikwanteli au inayofanana nayo.

Hii ndiyo sababu simwagi ndoo ya konokono hai mbele ya kuku. Nikitaka kuwapa, nawamwagia kwanza maji yanayochemka, nawaacha wapoe, ndipo nawatupia; viluwiluwi vimekufa na ute umepungua, hata wale wachaguzi wanakula. Konokono mmoja mmoja anayeokotwa alfajiri hanisumbui. Kundi zima nalipatia dawa ya minyoo kila miezi mitatu, na masika siruki.

Umeambiwa ulete bata

Ushauri si mbaya. Bata hamwogopi konokono mkubwa, na mvua kwake ni sikukuu. Mpe beseni lenye kina cha kuosha pua na mdomo, la sivyo ute utamkwama. Lakini bata anaipenda saladi changa kama konokono anavyoipenda, na miguu yake hukanyaga kitalu kikawa uwanja. Mwingize wakati mboga zimekomaa, chini ya migomba na kahawa. Sumu inayoua kuku inamuua naye.

Unaokota kila usiku na huoni mwisho

Weka daftari. Usiku tatu mfululizo, saa ileile, tuta lilelile, andika idadi. Bila namba kila usiku utahisi uko palepale. Mimi hesabu ikishuka chini ya kumi kwa tuta, naacha kuokota kila siku na kubaki na kipande cha mgomba tu. Vaa glavu au shika kwa kijiti, na uoshe mikono: konokono wanaweza kubeba minyoo ya mapafu ya panya, ambayo ikimwingia mtu huenda kwenye ubongo. Ndiyo maana pia saladi ya bustani yenye utelezi naiosha jani kwa jani kwenye maji yanayotiririka, na jani lenye kikonokono kidogo kilichojikunja mkunjoni naenda kulitupa jikoni kwa moto, sio bandani.